Gia Isiyoshika

Kwanza ilisikika sauti ya mwanamke.

Ilitoka nyuma ya ukuta wa kituo, ndani ya ukungu ulioshuka usiku kutoka milima ya Mbizi na kuilalia Sumbawanga yote. Ilikuwa sauti laini, ya adabu, isiyo na haraka. Ilisema maneno machache, ikanyamaza. Ikarudia maneno yaleyale kwa mkato uleule, ikanyamaza tena. Hakikuwa Kiswahili, wala hakikuwa Kifipa.

Inspekta Shigela alisimama, mguu mmoja ndani ya tope. Kituo kizima kilikuwa na mahabusu mmoja tu wa kike, Kristiana, mjane wa Leonardi, na chumba alimofungiwa kilikuwa upande wa pili kabisa. Akauambaa ukuta taratibu, mkono kiunoni. Sauti ikasema mara ya tatu, karibu zaidi, kana kwamba inamwomba mtu asifanye jambo.

Ndipo ukungu ukafunguka kidogo akaliona gari. Lilikuwa gari dogo jeupe, boneti imebonyea upande mmoja, taa imening'inia kama jicho lililong'olewa. Nyuma ya usukani alikaa Koplo Alfonsi, jasho linamtoka kwenye baridi ile, akiuvuta ufunguo kwa mikono miwili.

"Uko na nani humo?"

"Peke yangu, afande."

"Nimemsikia mwanamke."

"Ni gari hili. Kila ukizungusha ufunguo linaongea Kijapani. Limekuja nayo hiyo sauti toka kwao huko." Alfonsi aliuzungusha tena, na yule mwanamke wa ndani ya dashibodi akasema maneno yake. "Sijui kama ananisalimia au ananitukana. Lakini anatukana kwa heshima."

"Nani kakuambia ulisogeze?"

"Afande Flavian. Alitaka gari lake lipite. Nimelitoa pale, nimelileta hapa, nimezima. Sasa ufunguo umegoma kutoka."

Shigela aliingiza kichwa dirishani. Mkono wa gia ulikuwa kwenye herufi D.

"Rudisha mbele kabisa. Kwenye P."

Alfonsi akarudisha. Kitu kililia *krak* chini ya gari, na ufunguo ukatoka bila ubishi.

"Mimi nimejifunzia landrova," Alfonsi alisema kwa unyonge. "Ukizima unaliacha ndani ya gia, unashuka, unakwenda zako. Haya mambo ya herufi ni ya darasa la kwanza."

Shigela alinyoosha mkono, akapewa ufunguo, akausimamisha mbele ya macho yake. Ulifungwa kwenye pete moja na ufunguo mwingine, mkubwa, wa kufuli la Kichina. Huo ulikuwa wa geti la ghala la mahindi la Leonardi, kule Izia.

"Zungusha tena," alisema, akaurudisha. "Lakini kwanza toa kwenye P. Weka popote."

Alfonsi alihangaika. Mkono wa gia ulikataa kutoka mpaka alipokumbuka kukanyaga breki. Akaupeleka chini, akauzungusha ufunguo kulia, akaurudisha, akavuta. Ukagoma. Akazungusha tena, na tena. Na kila alipozungusha, mwanamke alisema.

"Basi," Shigela alisema. "Inatosha. Mlete Kristiana ofisini."

Leonardi alikuwa mnunuzi wa mahindi, mtu wa Katandala, anayejulikana mpaka mpakani Kasesya. Alfajiri ya Jumanne alikutwa amebanwa kati ya gari lake na geti la ghala lake. Mahali penyewe ni mteremko, na mtu yeyote aliyepita aliisoma habari kwa jicho moja: mwenye gari amelisimamisha juu, ameshuka kwenda kufungua geti, gari limemfuata. Wengi wangeishia hapo. Lakini daktari alisema kichwa kilipigwa kwa kitu kizito kabla, na kwamba mbavu zilipovunjika Leonardi alikuwa tayari ni maiti. Na ufunguo wa geti alilodaiwa kwenda kulifungua ulikuwa unaning'inia ndani ya gari, kwenye swichi.

Basi yalikuwa mauaji. Kikongwe mmoja aliyekuwa akilinda ulezi wake karibu na pale alisema alisikia mwanamke akiongea ndani ya ukungu kabla ya kishindo. Watu waliojua kuliendesha gari lile la otomatiki walikuwa wawili tu, Leonardi na mkewe. Alama za vidole zilikuwa za ukoo mzima, hazikusaidia kitu. Afande Flavian, mkuu wa upelelezi, alijumlisha moja na moja, akaamua: leo saa nane mchana Kristiana anapandishwa mahakamani kwa kumuua mumewe.

Shigela alibaki na kitu kimoja tu mfukoni. Gari lilipokutwa, mkono wake wa gia ulikuwa kwenye L, gia nzito kuliko zote. Aliipiga picha mwenyewe, na kwa ndugu wa marehemu akasema lilikutwa kwenye N, yaani frii. Ndugu wakasema mtaani, mtaa ukasema sokoni, na sasa Sumbawanga nzima ilijua kwamba Leonardi alisahau gari kwenye frii. Watu waliojua kuhusu L walikuwa yeye, Alfonsi, na mtu mmoja zaidi ambaye hakuwa polisi.

Kwenye benchi la nje ya ofisi alikaa mama mzee aliyejifunga shuka zito, mtoto mchanga kifuani. Huyu alikuwa Bertilla, mama mzazi wa marehemu. Alikuja kila asubuhi na kila mchana kumleta mjukuu anyonye. Tangu mazishi hakuwa amemtazama mkwewe usoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Akamkabidhi Alfonsi mtoto bila kuinuka. "Mpeni anyonyeshe. Mkimaliza nirudishieni damu yangu."

Ndani, Kristiana alimpokea mtoto, akampa ziwa, akafumba macho. Alikuwa bado kijana, uso umevimba kwa kukosa usingizi. Shigela alivuta kiti.

"Niambie. Ukisimama na gari lile, unaweka gia gani?"

Macho yakafumbuka. "Unanitania, afande."

"Sitanii."

"Mchana huu nakwenda kusomewa kumuua mume wangu, na wewe unaniuliza gia."

"Nijibu, mama."

Kristiana akajibu kwa hasira, kama mtu anayesomeshwa kitu anachokijua. "Kusimama kupi? Kusimama kuna namna zake. Mbuzi akikatiza barabara, naacha kwenye D, mguu kwenye breki, akipita naondoka. Nikikuta kizuizi, au barabara inachimbwa na tunangojeshwa, naweka N, naendelea kukanyaga breki. Nikitaka kushuka, hata kama ni kununua vitumbua, naweka P. Sishuki bila P. Leonardi angenichapa."

"Kwa nini asikuambie uvute hendibreki?"

"Hendibreki ya gari lile ilikufa tangu mvua za mwaka jana. Fundi alisema kebo mpaka itoke Mbeya. Ndiyo maana nyumbani kwetu P ilikuwa kama sala."

"Na L?"

"Ya kushukia milima mikali, kama ukienda Muze bondeni. Mimi sijawahi kuigusa."

"Mtu akizima gari likiwa kwenye L, litashika?"

"Halishiki. Alinionyesha mwenyewe siku ya kwanza kunifundisha. Alisimama kwenye kilima, akaweka L, akazima, akaachia breki. Tukaanza kurudi nyuma, nikapiga mayowe mpaka watu wakatoka majumbani." Kitu kama tabasamu kikapita usoni pake, kikapotea. "Akaniambia, hili si lori. Lori ukilizima ndani ya gia umelifunga kamba. Hili bila P ni toroli tu."

"Ufunguo je? Unatoka bila P?"

"Hautoki. Utauzungusha mpaka mkono ukuume, yule mama atakuwa anakusalimia tu."

"Mama yupi?"

"Yule wa Kijapani. Leonardi alikuwa anamwita mke mwenzangu."

Alfonsi, aliyesimama mlangoni, alitazama chini. Shigela aliegemea mbele.

"Nani mwingine amewahi kuliendesha?"

"Hakuna. Leonardi alitaka kumfundisha Shemeji Timoth, akakataa. Alisema gari lisilo na klachi ni la wanawake. Yeye ni mtu wa lori."

Timoth alikuwa kaka mkubwa wa Leonardi. Ndiye aliyeendesha lori la mdogo wake, Sumbawanga na Kasesya, Kasesya na Sumbawanga. Ndiye pia aliyesimamia msiba.

"Timoth na mumeo walikuwa wanaelewana?"

Kristiana alimhamishia mtoto ziwa la pili. "Jumatatu jioni walibishana. Nilikuwa jikoni. Nilimsikia Leonardi anasema, nenda mwenyewe kwa polisi wa Matai, usipokwenda wewe naenda mimi. Shemeji akasema, utanipeleka jela mimi, tumbo moja? Halafu wakashusha sauti."

"Kwenda polisi kusema nini?"

"Sijui. Najua lori lilirudi kutoka Kasesya taa ya mbele imepasuka, na Shemeji akaliosha kwa sabuni yeye mwenyewe. Timoth hajawahi kuosha lori. Utingo alikuwa amekaa tu anamtazama."

"Afande," Alfonsi alisema polepole toka mlangoni. "Yule wa baiskeli. Barabara ya Matai. Hawajampata aliyemgonga."

Ikasikika midomo ya mtoto ikinyonya.

"Mbona haya hukuyasema?" Shigela aliuliza.

"Nani aliniuliza? Mliniuliza sauti ya mwanamke tu. Ulikuwa na mwanamke gani, mwanamke ni nani, mwanamke alisema nini." Alimvuta mtoto karibu zaidi. "Afande, wakinipeleka gerezani bibi yake atamlea huyu kwa uji. Bado mchanga. Hawezi uji."

Shigela alisimama. "Malizia kumnyonyesha," alisema. "Usiharakishe."

Kule Izia nyumba zilipoishia yalianza mashamba, na ukungu ulikuwa bado haujaondoka. Bibi Rosina, yule kikongwe aliyesikia sauti, walimkuta palepale alipokuwa siku ile, pembeni ya ulezi wake, bati kuukuu mkononi la kufukuzia ndege. Alfonsi alimsalimia kwa Kifipa, wakaulizana habari za nyumbani mpaka zikaisha. Shigela, ambaye kwao ni Shinyanga, alisimama akipuliza vidole.

"Anasema koti lako jepesi," Alfonsi alimwambia. "Anauliza kama kwenu ng'ombe wamekwisha, mkakosa ngozi."

"Mwambie wapo, wanamsalimia. Mwulize tena kuhusu yule mwanamke."

Bibi alijibu mwenyewe kwa Kiswahili chake cha mkato. "Sikuona. Nilisikia. Gari limekuja, limenyamaza. Mwanamke kasema. Kimya. Kasema tena, maneno yaleyale. Kasema tena. Nikasema moyoni, huyu anakataa kitu. Halafu mlango. Halafu kimya kirefu, kama mtu anabeba mzigo. Halafu nyayo zinapanda. Halafu kishindo."

"Mara ya mwisho, kabla ya kishindo, injini iliwaka?"

"Haikuwaka. Lilikwenda kimya. Ndiyo nikaogopa."

Shigela alitoa simu, akachezesha sauti aliyoirekodi asubuhi kwenye gari. Yule mwanamke akasema maneno yake matamu juu ya ulezi. Bibi Rosina alirudi nyuma hatua moja, bati likamponyoka.

"Huyo," alisema. "Mmemkamata?"

"Tunaye kituoni, bibi. Ni gari."

Bibi alimtazama Alfonsi, akamtazama Shigela, kisha akaokota bati lake. Alisema jambo kwa Kifipa, akawapa mgongo.

"Kasema nini?"

"Kasema basi mwacheni yule mwanamke mwingine aende kwake."

Walitembea mpaka kwenye mteremko. Utepe wa polisi ulikuwa bado umezungushwa mbele ya geti, chini kule. Katikati ya mteremko, ukingoni mwa barabara, lilikuwepo jiwe ambalo Shigela aliliona siku ya kwanza akalipita. Lilikuwa jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtu, limelazwa vizuri kwenye majani. Upande wa juu ulikuwa na alama ya meno ya tairi, udongo mwekundu umekauka ndani yake.

"Koplo, mawe ni mengi hapa. Kwa nini hili limelala hivi?"

Alfonsi alichuchumaa. "Hili ni la kusimamishia gari. Kaka yangu alikuwa utingo. Lori likisimama mlimani, utingo anaruka na jiwe kabla dereva hajamaliza kuzima. Mkiondoka, jiwe halibaki njiani, litamuua mwenzenu nyuma. Linalazwa pembeni, upande uliokanyagwa juu, mwingine akija alione alitumie. Utingo akisahau anapigwa makofi. Ukishafundishwa hivyo, mkono unafanya wenyewe hata ukiwa umelewa."

"Hata ukiwa umeua?"

Alfonsi aliinuka, akajipangusa magoti.

"Nifuate," Shigela alisema, akaanza kuteremka polepole. "Anakuja na maiti ndani ya gari. Ni mtu wa lori. Anasimama hapa, anazima, anatafuta gia nzito kama alivyozoea. Anaiona L, iko chini kabisa, anaiweka. Anajaribu kuvuta ufunguo."

"Anataka wa geti."

"Anataka kufuli likutwe limefunguliwa, ionekane marehemu alikuwa analifungua. Ufunguo unagoma. Anazungusha, mwanamke anasema. Anazungusha, mwanamke anasema. Anaachana nao. Gari linaanza kumsogea, anaweka jiwe, anadhani gia nayo inasaidia. Anambeba Leonardi mpaka getini, anamwegemeza. Anapanda tena. Alitaka aondoe jiwe, aingie, aweke frii, aliachie."

"Kumbe jiwe ndilo lililokuwa linashika peke yake."

"Alipolitoa tu, gari likaenda. Hakupata nafasi ya kugusa gia. Ikabaki L, na ufunguo ukabaki ndani. Akabaki na jiwe mkononi." Shigela alitazama majani. "Akalilaza pembeni."

Upepo ulisukuma ukungu, geti likaonekana, likafichika tena.

"Hakimu hatamfunga mtu kwa jiwe, afande."

"Najua. Mpigie Timoth. Mwambie familia inarudishiwa gari, aje kulipokea yeye kama mkubwa. Hapa. Na wewe nenda ukalilete."

Timoth alifika kwa bodaboda, na nyuma yake bodaboda ya pili ikamshusha mama yake, mtoto mgongoni. Bertilla alisema hajawahi kupaona mahali mwanawe alipofia, na kama gari linachukuliwa leo, basi na yeye atapaona leo. Shigela alimshika mkono mwenyewe, akamteremsha, akamsimamisha mbali na njia, nyuma ya nguzo ya zege ya ukuta wa ghala.

"Kaa hapa, mama. Usitoke mpaka nikuite."

Gari jeupe lilisimama juu, penye tambarare. Timoth alilizunguka mara moja bila kuligusa. Alikuwa mtu mpana, shingo fupi, mikono ya kubeba magunia.

"Niweke sahihi wapi?"

"Sahihi baadaye. Kwanza lishushe mpaka karibu na utepe, uliegeshe. Geti likifunguliwa mliingize ndani."

"Mimi sijawahi kulishika gari hili. Aliendeshe Koplo."

"Kumbe la wanawake linakushinda?"

Timoth alimkazia macho. Kisha akaingia. Shigela akakaa kiti cha abiria, Alfonsi akabaki nje, akitembea sambamba na dirisha. Ufunguo ukazungushwa, na yule mwanamke akasema. Bega la Timoth liliruka kidogo, kama bega la mtu aliyeguswa na maji baridi.

"Anasema nini huyu?" Shigela aliuliza.

"Nitajuaje mimi?"

Mguu wake ulikanyaga breki. Mkono wa gia ukatoka kwenye P bila kusita. Shigela alimkumbuka Alfonsi asubuhi, alivyopigana nao. Gari likateremka polepole, magurudumu yakisaga changarawe, mpaka katikati ya mteremko.

"Hapa panatosha."

Timoth alisimama. Akazima injini. Mkono wake, bila yeye kuutazama, ukashuka na gia mpaka mwisho, mpaka L. Mguu wa kulia ukabaki kwenye breki, umekaza. Akatoa kichwa nje.

"Koplo, weka jiwe kwanza. Tairi la mbele. Gia hii haishiki."

Alfonsi alisimama pale alipo. Shigela aligeuza uso.

"Umejuaje haishiki?"

"Si ndilo lililomuua mdogo wangu? Habari yake inajulikana mji mzima."

"Mji mzima unajua liliachwa kwenye frii. Frii haishiki gari lolote, hata lori lako. Lakini wewe hujaweka frii. Umeweka gia nzito. Dereva wa lori akizima ndani ya gia nzito anashuka, anakwenda kula. Wewe unaogopa kuinua mguu."

Mishipa ya shingo ya Timoth ilisimama. Mguu ukazidi kukandamiza.

"Nani alikuambia kwamba kwenye L gari hili linakwenda?" Shigela alisema, kwa upole uleule. "Leonardi alimwonyesha mkewe. Wewe ulikataa kufundishwa. Inua mguu basi, tuone."

"Mama yuko kule chini."

"Mama yuko nyuma ya nguzo. Jumanne nani alikuwa getini?"

Ndipo mguu wa Timoth ukaanza kutetemeka, kama mguu wa mtu aliyesimama siku nzima, na ukateleza. Gari likaondoka, kimya, bila injini, kama linalovutwa na kitu kutoka chini. Geti likatokea kwenye ukungu, likaanza kukua.

Shigela aliukamata mkono wa gia, akausukuma mbele mpaka P. Chini ya gari kikasikika kilio kibaya cha chuma, *krrrak*, likatikisika mara mbili, likasimama. Pua yake ilikuwa imegusa utepe.

Alfonsi alifika akikimbia na jiwe, akalibana kwenye tairi la mbele, akafungua mlango wa dereva.

"Shuka, kaka."

Timoth alishuka. Hakukimbia. Alisimama kando ya gari, akatazama tairi, akatazama jiwe, akatazama barabara nyuma yake kana kwamba kuna lori linakuja. Shigela alizunguka gari na kumsogelea.

"Mwendesha baiskeli wa Matai," alisema kwa sauti ya chini. "Leonardi alitaka uende mwenyewe."

"Alikuwa amekwishakufa," Timoth alinong'ona. "Nilishuka nikamtazama. Amekufa. Kwenda polisi kungemfufua?" Kisha, bila kuulizwa: "Na Leonardi nilimpiga mara moja tu. Spana ilikuwa mkononi. Mara moja."

Pingu zililia chini ya mkono wa koti, taratibu, Alfonsi akiwa amesimama kati yake na ghala ili mama asione.

Lakini Bertilla alikuwa amekwishatoka nyuma ya nguzo. Alikuja akipanda mteremko polepole, mtoto analia mgongoni, akapita pale penye doa la damu getini, akainama, akaugusa udongo kwa vidole, akainuka. Alipowafikia alimpita Timoth na Alfonsi, akasimama mbele ya Shigela. Timoth alibaki nyuma ya mama hatua chache, kichwa chini.

"Baba," alisema, "mimi sijui magari. Nimeona tu linakuja, nikasema linamfuata na mwingine." Alimpapasa mtoto mgongoni. "Nilizaa wanaume wawili. Mmoja mmenizikia. Yule mwanamke huko ndani, siku zote hizi nimemwona kama nyoka, na leo asubuhi mtoto kamlilia akiwa mikononi mwangu, nikaanza kuona shaka. Nikiulizwa na Mungu nimemlisha nani uji na nimemchukia nani, nitasema nini? Niambie. Nani kaniulia mwanangu?"

Shigela alitazama juu ya bega lake.

"Kama huwezi kusema leo, niahidi," mama alisema. "Mimi mzee, usinidanganye. Niahidi utanionyesha uso wake."

Mtoto alilia kwa nguvu, kilio cha njaa, na ukungu ukakimeza kilio chake mpaka mashambani. Nyuma ya mama, Timoth alikuwa ameinua macho. Alikuwa anamtazama Shigela, anatikisa kichwa kidogo sana, akiomba.

Shigela alivua kofia.

"Nakuahidi, mama. Kabla huyu hajachoka kulia, mama yake atakuwa nje anamnyonyesha. Na aliyemuua Leonardi utamwona uso kwa uso. Hutakwenda mbali kumtafuta."